Kazi Iliyoanzia Chini

Andika kwamba baba yangu alizaliwa Mbulu, kwenye nyanda za juu, ambako baridi huwalaza watoto na ndama chumba kimoja. Andika kwamba mama yangu alizaliwa Bonga, wakati barabara ya Dodoma ilikuwa bado ya vumbi. Majina yao usiyaandike. Wewe unayajua, na asiyeyajua hayamhusu. Mimi nilizaliwa hapa Sigino, katika nyumba iliyosimama pale lilipo zizi sasa. Shule sikwenda hata siku moja. Kaka zangu walipelekwa, mimi nikabaki na jembe, na kwa kuwa sijui kuandika nimekuita wewe kutoka Bagara uje na kalamu yako. Kaa wima, uandike ninachosema, si unachodhani nilitaka kusema.

Ninataka iandikwe jinsi shamba hili lilivyopasuka. Mjomba wako anataka kuliuza, na siku atakapoliuza atawaambia watu kwamba liliharibiwa na mvua. Mvua haikuliharibu. Mvua ilikuwa ikinyesha mteremkoni hapa kabla ya baba yangu kufika, na miaka yote niliyolima ilinyesha, na shamba lilisimama.

Baba yangu naye alihama. Hilo liandike mapema, maana mjomba wako hulitumia kunipiga nalo kila tunapogombana. "Mama, hata babu alihama," husema, kana kwamba amenifunga mdomo. Ni kweli alihama. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kati ya ndugu mpaka mbuzi aliyefungwa upande wa mmoja alikula mahindi ya mwingine. Alishuka na jembe, shoka na kibuyu cha mbegu, akapata mke Bonga, wakafyeka pamoja vichaka vya mteremko huu, ambao watu wengine waliukataa kwa ukali wake. Baba yangu alihama akifuata ardhi. Wanangu wamehama wakiikimbia. Tofauti hiyo usiilainishe.

Mteremko huu hautaki mtu mmoja. Ukilima bondeni unaweza kulima peke yako na mkeo, na jirani yako akilewa mwaka mzima halikuhusu. Hapa sivyo. Hapa mashamba yamepandana kama ngazi, na maji ya mvua yakitoka juu yanapita kwa kila mmoja mpaka yafike barabarani. Ndiyo maana wazee walijenga makinga maji. Wewe umeyaona lakini hukuyatazama. Ni matuta marefu ya udongo yaliyolala kwa ubavu wa mlima, kila moja na mtaro wake upande wa juu, na juu ya tuta majani ya tembo ambayo mizizi yake hushika udongo. Maji yakifika mtaroni husimama, shamba linakunywa, na yanayobaki hupelekwa pembeni polepole, kwenye njia ya maji iliyopangwa mawe. Tuta likibomoka sehemu moja tu, maji yote hukusanyika hapo, na yanapotoka hayatoki tena polepole.

Kila mwaka, tukishamaliza kuvuna mbaazi na kabla ya mvua za kwanza, mteremko mzima ulitoka kuyatengeneza makinga hayo kwa ujima. Kazi ilianza shamba la juu kabisa. Hata kama mwenye shamba la juu alikuwa mgonjwa, au amesafiri, au mlikuwa mmegombana naye hamwamkiani, mlianza kwake. Likiisha la juu, mlishuka la pili, kisha la tatu, mpaka mwisho. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa tuta lake kabla la jirani wa juu yake halijakamilika. Na mtu wa chini alikuwa na haki ya kuingia na jembe shambani kwa mtu wa juu wakati wowote wa mvua, bila kupiga hodi, akiona tuta limelegea. Haki hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa kama haki ya kuchota moto kwa jirani.

Shamba la juu yetu lilikuwa la rafiki wa babu yako, mume wangu, mtu mcheshi na mvivu, Mungu amrehemu. Kwa kuwa kazi ilianza kwake, alijiona chifu. Alikaa juu ya jiwe lake akasema, "Maji yote mnayokunywa yanatoka kwangu. Kata ya kwanza ya pombe ije hapa."

Babu yako alimjibu, "Kwako hutoka tope. Maji tunayachuja wenyewe."

Na sisi wanawake tulimchokoza. "Shemeji, mwenye usingizi ni wewe au jembe?"

"Jembe langu limeoa juzi," alisema. "Liacheni lipumzike."

Tulicheka mpaka mama yangu akaketi chini kwenye mtaro. Lakini jua lilipozidi, mtu yule alisimama akalima, kwa sababu alijua kwamba makinga yake yakikosewa hatapasuka yeye, tutapasuka sisi. Uvivu wake ulikuwa na mpaka. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi ya mizaha yake.

Walioondoka kwanza ni wana wake. Mkubwa akawa utingo wa lori, akarudi Krismasi na viatu vyeupe ambavyo hakutaka vikanyage zizini. Mdogo akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Vijana wote wa mteremko waliviona vile viatu. Mwaka uliofuata jembe likawa aibu. Binti aliyechumbiwa na mkulima alipewa pole na wenzake, kama vile amefiwa.

Kisha akaja mjomba wako, kifungua mimba wangu. Alikuwa hodari. Ningesema uongo kama ningesema alikuwa mvivu, na ndiyo maana iliniuma. Alinikuta jikoni nikipepeta mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevaa nguo za kanisani siku ya kazi."

"Naenda Arusha, mama. Naenda kutafuta maisha."

Nikamwuliza, "Na haya unayoyaacha hapa ni nini, kama si maisha?"

"Mama, mwaka mzima tunalima, na tukivuna mfanyabiashara anasimama na mzani wake, anataja bei anavyotaka. Mbaazi mwaka juzi tuliwapa ng'ombe. Mimi siwezi kuzeeka hivyo."

Hilo la mbaazi lilikuwa kweli. Soko lilikuwa limefungwa, hakuna aliyezitaka, na tulizimwaga zizini. Ukweli huo ulinikasirisha. Nilimwambia aende. Akasema, "Nitarudi kila mwaka kwenye makinga, mama. Naahidi." Alirudi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alipiga simu tu. Mwaka wa tatu hata simu ilichelewa.

Usiandike kwamba wote waliokwenda ni wapumbavu. Wengine wamejenga. Mama yako yuko Bagara, ana duka lake la vitambaa, na nyumba yenu ina bati zuri kuliko langu. Ninachokisema ni kwamba kila aliyeondoka aliondoa mikono miwili, na mikono ile ilikuwa imeshika kitu. Hakuna aliyeuliza nani atakishika baada yake.

Watu wa ujima walipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, huoni leo, unaona baada ya mwezi. Kwanza walikosekana vijana, tukasema tutamudu. Kisha wenye nguvu wakaanza kutuma vibarua badala yao, na kibarua hafanyi ujima, hufanya kipande chake akaondoka. Ukafika mwaka ambao tulipika pombe kama kawaida na pombe ikabaki. Sijawahi kuona aibu kama ile katika maisha yangu, mtungi umejaa, jua linakuchwa, na hakuna mtu wa kunywa. Babu yako aliimwaga mtaroni mwenyewe. Mwaka uliofuata hakutaka nipike tena. Alifariki kabla ya mavuno.

Baada ya hapo ndipo maendeleo yalipokuja. Nguzo za umeme zilipanda mteremko huu mpaka kwenye nyumba ambazo hazina mtu wa kuwasha taa. Bomba likafika. Wageni wenye gari walituitishia mkutano, wakatuambia vijana ndio nguvu kazi ya kilimo, na pale mkutanoni hapakuwa na mtu ambaye magoti yake hayakuwa yakilia. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Hao vijana mnaosema mnao ninyi huko kwenye gari?" Watu walicheka. Wageni nao walicheka, wakaendelea.

Jirani wa juu alipokufa, wanawe walikuja kuzika, wakagawana mbuzi, wakalikodisha shamba kwa mtu wa mjini, mfanyabiashara wa Bagara mwenye trekta. Sina ugomvi na trekta. Lakini trekta halipendi kugeuka geuka, na dereva hulipwa kwa eka, si kwa uzuri wa kazi. Akalima kutoka juu kwenda chini, moja kwa moja, kama mtu anayechana nywele. Makinga aliyoyakuta njiani aliyasawazisha, kwa sababu yalimrusha. Majani ya tembo yaling'olewa yakarundikwa pembeni, na wafugaji waliopita wakawalisha ng'ombe wao. Matuta ambayo baba yangu aliyaanza, akina babu yako wakayakuza, yaliisha kwa asubuhi moja.

Nilimpigia simu mjomba wako. Nilimwambia juu kuko uchi. Akasema, "Usijali, mama. Nitashughulikia." Neno hilo nimelisikia mara nyingi mpaka sasa nikilisikia natafuta mahali pa kukaa.

Wakati huohuo mama yako alikuwa karibu kujifungua mdogo wako, akaniita Bagara nikae naye. Unakumbuka. Nilikaa kwenu, nikipika uji na kufua nepi, na huku Sigino mjomba wako alikuwa anashughulikia. Alituma fedha kwa simu kwa kijana mmoja wa bodaboda, na kijana yule akakusanya vibarua. Mjomba wako aliwaambia watengeneze makinga ya mama yake. Shamba la juu hawakuligusa, kwa kuwa halikuwa la mama yake. Wakaanza chini.

Nataka uelewe ubaya wa jambo hilo, kwa sababu hata mjomba wako mpaka leo ananiambia, "Lakini mama, walijenga makubwa kuliko ya zamani." Walijenga makubwa, ndiyo. Udongo mtupu, mrefu, usio na jani hata moja. Kama wasingefanya kitu, maji ya juu yangeshuka yakaharibu hapa kidogo na pale kidogo, nasi tungelia na kuziba. Lakini wao walijenga ukuta chini ya mlima ulio uchi. Maji yaliyokuwa yakizuiwa na makinga yote ya mteremko yalishuka kwa pamoja, yakasimama nyuma ya tuta letu la kwanza, yakapanda, yakapanda, na tuta lilipokata roho yalitoka yote kwa mkupuo. Likapasua la pili, na la tatu, mahali palepale. Watoto wanaocheza na tope barabarani wanajua jambo hilo. Mjomba wako alilijua pia, alilima hapa mpaka ndevu zikaota. Alilisahau tu, kwa kuwa Arusha hakuna mtu wa juu wala mtu wa chini.

Niliporudi nilikuta korongo. Lilianzia mpakani kwa jirani na kuishia barabarani, na mahali pengine nikisimama ndani kichwa changu hakikuonekana. Mahindi yalikuwa yameota vizuri pande zote mbili, mabichi, kana kwamba hayakuambiwa. Udongo mweusi aliourutubisha baba yangu kwa samadi ya miaka mingi ulikuwa umetandazwa barabarani, na magari yalikuwa yanaukanyaga. Mwenye kuuza chipsi alikuwa anauondoa kwa koleo mbele ya kibanda chake akilalamika. Nilipita karibu naye na sikumwamkia. Mwambie, kama utamwona, kwamba lile tope lilikuwa langu.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara yule dukani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti na soda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bibi, pole sana. Lakini mimi nimekodi shamba. Sikukodi mitaro."

Nikamwambia, "Shamba la mteremkoni ni mitaro. Ukiitoa mitaro unabaki na kuporomoka."

"Basi zungumza na wenyewe. Mimi mkataba wangu ni msimu kwa msimu. Mwakani labda sipo."

Hapo nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa katika mikutano yote. Mtu ambaye mwakani labda hayupo hawezi kutengeneza tuta, kwa sababu tuta hutengenezwa kwa ajili ya mwakani. Nikawapigia simu wenyewe. Yule wa viatu vyeupe, sasa mtu mzima mwenye watoto, alisema, "Bibi, sisi tuko mbali huku. Malizaneni wenyewe." Nikamwuliza wenyewe ni akina nani. Alisema mtandao unasumbua.

Basi nikaamua kuitumia haki yangu ya mtu wa chini. Kiangazi kilipofika nilipanda shamba la juu na jembe. Walinifuata wajane wawili wa mteremko, na mzee mmoja mfugaji wa Hanang aliyehamia kwetu baada ya ng'ombe wake kufa kwa ukame, akajifunza kulima uzeeni. Zamani tulikuwa tunamcheka.

"Mama," aliniambia alipofika akitweta, "mnasema nashika jembe kama fimbo ya kuchungia. Leo nimelileta hivyohivyo."

"Lishike kama mkia wa ng'ombe ukitaka," nilimwambia, "ilimradi uchimbe."

"Ng'ombe ningemwita kwa mluzi akaja. Huu udongo wenu hausikii."

Wajane walicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia kicheko shambani. Tulichimba mtaro wa juu kabisa, tukapanda majani niliyoyakata kwangu. Hatukufika mbali. Tulikuwa tumerudisha tuta moja na kipande cha lingine wakati mwenyekiti wa mtaa alipokuja na yule dereva wa trekta.

Mwenyekiti huyo nilimbeba mgongoni. Alikunywa togwa ya ujima akiwa na meno ya maziwa. Aliniamkia vizuri, akavua kofia, akasema, "Bibi, umeingia shamba la watu."

"Mimi ni mtu wa chini yake. Baba yako alikuwa akiingia hapa bila hodi."

"Najua, bibi. Lakini siku hizi lazima mwenye shamba atoe idhini kwa maandishi. Mpangaji amelipia. Akidai umemharibia, nitaandika nini?"

"Ninaharibu?"

Alitazama chini kwenye korongo, akatazama tuta letu. Nilimwona anajua. Kisha akavaa kofia yake. "Bibi, nakuomba tu ushuke. Usinitie kwenye matatizo."

Tukashuka. Mzee wa Hanang alikuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao mtu akikatazwa kunywesha ng'ombe kisimani watu hukusanyika. Nilijua kwamba hata nikipiga yowe, watakaokusanyika ni sisi wanne, na tayari tulikuwa pale. Msimu huo trekta lilipita juu ya tuta letu na majani yake yaliyokuwa yameanza kushika.

Sasa nifike kwenye wiki hii, maana ulikuwepo na nataka uandike bila kumwonea haya mjomba wako. Alikuja na mpima viwanja. Sigino inakuwa mji, alisema, watu wanatafuta mahali pa kujenga, na shamba lililokufa linaweza bado kufufuka likiwa viwanja. Walivuta kamba kutoka barabarani. Walipofika kwenye korongo mpima alisimama, akakuna shingo.

"Hapa hapapimiki, kaka. Hakuna mtu atakayejenga kwenye mdomo wa maji."

"Je, tukilifukia?"

"Mtalifukia, mvua italifukua. Mpaka mshike maji kule juu."

Mjomba wako alitazama juu. Sijui aliona nini. Mimi niliona jiwe la yule jirani mcheshi, limebaki peke yake katikati ya shamba la trekta. Angesema, "Mama, twende tukalishike," ningemsamehe yote, pamoja na vibarua wake. Alimgeukia mpima akamwuliza kama upande wa nyumba unapimika.

Upande wa nyumba ndio pekee uliobaki na makinga mazima, kwa sababu uko kando ya njia ya maji ya zamani. Ndipo niliposimama mbele ya kamba.

"Hapo hapavutwi kamba."

"Mama, utalima na nani?" Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu aliyechoka, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Niambie jina la mtu mmoja tu atakayekuja hapa kushika jembe ukiwa hujiwezi. Mmoja."

Nilikutazama wewe, nawe ukatazama simu yako. Usiogope, andika hivyo. Ulitazama simu. Baadaye uliinuka ukachukua ile kamba miguuni pa mpima ukaikunja, ukampa mkononi, ukamwambia, "Shikamoo, karibu chai." Sijui kama ulifanya hivyo kwa ajili ya shamba au kwa kuona haya ugomvi mbele ya mgeni. Sikukuuliza na sitakuuliza.

Mjomba wako amerudi Arusha. Hawezi kuuza nikiwa hai, na nimemwambia hivyo mbele ya mwenyekiti yuleyule. Jana nilimwita tena mwenyekiti, nikataka aandike kwa maandishi, kwa kuwa anayapenda, kwamba kipande cha upande wa nyumba kimepewa wewe. Alishangaa. "Bibi, mtoto wa binti? Na wa kike? Ukoo utasema nini?" Nikamwambia ukoo uje useme ukiwa na jembe mkononi, nitausikiliza. Ameandika. Shamba lililobaki mjomba wako atalipata, na atauza atakachoweza kukiuza pembeni mwa korongo alilolichimba kwa simu.

Haya ndiyo utakayoyatunza, uyaandike mwishoni ili usiyatafute.

Tunza kibuyu cha mbegu kilicho juu ya jiko langu. Mbaazi zilizomo ni za baba yangu, zinachelewa kukomaa na mfanyabiashara hazipendi. Kila mwaka panda kidogo, hata kama ni nyuma ya choo chenu kule Bagara, kisha uchanganye mbegu mpya na majivu, wadudu wasizitoboe. Zikikaa kibuyuni misimu miwili zimekufa, hata kama zinang'aa.

Tunza majani ya tembo juu ya matuta. Watu wa ng'ombe wakiomba, wape majani, usiwape mashina.

Jembe la babu yako usilibadilishe mpini mpaka uvunjike.

Ile haki ya mtu wa chini, ambayo mwenyekiti hakuthubutu kuitetea, ishike. Sasa chini yako kuna mjane mmoja na yule mzee wa Hanang. Mmoja wao akiingia kwako na jembe wakati wa mvua, usimwulize anatafuta nini. Mletee uji.

Nawe utaondoka. Nimekuona unavyosikiliza mabasi yakipita. Sikukatazi, nilikwisha kumkasirikia mjomba wako alipoondoka na nimeona faida yake. Ukiondoka na ukalikodisha, likodishe kwa mtu atakayekuwepo mwakani, na kama huwezi kumpata, liache liote majani. Majani yatalishika kuliko mpangaji. Na ukija mwenyewe kutengeneza makinga, hata ukiwa na siku moja tu ya likizo, usianze na lako. Panda kwanza ukaangalie juu.

Unafungua mdomo. Ufunge. Usiniahidi kitu. Nimekwisha kuahidiwa juu ya shamba hili, na korongo lile pale ndilo lililotoka humo. Niletee kile kibuyu nikuonyeshe majivu kiasi gani, kabla hujasahau ukiwa bado umekaa hapa.